Malenge ya Nyuma ya Ukumbi

Kaloleni, Ijumaa jioni

Wairimu mwanangu,

Umetoka hapa sasa hivi na leso yangu mabegani, ukaniambia unakwenda ukumbi wa mtaa mara moja kuagana na wenzako na kwamba utarudi kabla chai haijapoa. Nakujua wewe. Chai itapoa, nitaipasha moto, itapoa tena. Baba yako yuko zamu karakana ya reli na atakuja moja kwa moja kwenye basi asubuhi kukuaga. Kwa hiyo nimebaki mimi na sanduku lako hapo mlangoni, na nimelifungua na kulifunga mpaka nimeanza kujionea haya. Ndipo nikatafuta karatasi.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji ya kunywa, wala za kuanika nguo za ndani mahali pasipopita watu. Hayo nimeyasema wiki nzima nawe umeitikia "ndiyo, mama" kwa ile sauti ya mtu ambaye hasikii. Nataka kukwambia yale niliyoshindwa kuyasema tangu tugombane. Ukiwa mbele yangu nitaanza tu kukunyoosha kola, na neno litanipotea.

Jumapili baada ya kanisa kuna mkutano ukumbini. Unajua ni wa nini. Kamati ya mtaa inataka kuing'oa bustani yenu ya nyuma ya ukumbi ijenge vibanda vya biashara, na kibanda kimoja kimeandikwa jina langu. Wewe siku hiyo utakuwa mbali, kwenye chuo chako cha kilimo, unajifunza majina ya wadudu. Mimi ndiye nitakayekuwa nimekaa pale kwenye benchi, nikisubiri kuulizwa ninataka nini. Na mpaka sasa ninapoandika, Wairimu, nina majibu mawili na yote yananiuma.

Nianze mbali kidogo, na unisamehe. Mama yangu kule Murang'a alikuwa na alama kwenye paji la uso, kama bonde dogo, iliyochimbwa na ukanda wa kubebea kuni na viazi. Siku za kanisa alifunga kitambaa kuificha. Nilipokuwa msichana nilikuwa najipapasa paji la uso kila nikitoka shambani kuona kama langu limeanza. Shamba letu lilikuwa kwenye mteremko mkali kiasi kwamba ukiangusha kiazi unakifuata kwa jirani. Nililichukia shamba lile. Nililichukia wakati wa mvua, na wakati wa jua nililichukia zaidi. Baba yako alipokuja kuniposa na sare yake ya reli, sikumtazama yeye kwanza, nilitazama Nairobi iliyokuwa nyuma yake. Hilo nimeshamwambia, alicheka na bado anacheka.

Nikaapa hakuna mtoto wangu atakayeshika jembe. Halafu ukazaliwa wewe, msichana wa kwanza, na desturi ikasema upewe jina la nyanya yako mzaa baba. Nyanya yako, Mungu amrehemu, alikuwa akiamka kabla ya kuku na kulima mpaka waliokuwa wakipita njiani wanaona aibu kukaa. Nilidhani nimetimiza desturi tu. Kumbe nilikuwa nimemkaribisha nyumbani pamoja na jembe lake.

Unakumbuka mwaka ule wa njaa, wa mahindi ya manjano ya msaada. Mvua ilikataa, malori yakaanza kuja soko la Jericho nusu tupu, na mimi nilikaa pale na gunia langu chini, juu yake vitunguu vichache na nyanya zenye mikunjo ya uzee. Wateja walikuwa wananisalimia kwa huruma na kupita. Na ni siku hizo hizo uliporudi nyumbani na sare ya shule, kucha zako nyeusi ti.

Nikakuuliza umefanya nini. Ukasema wewe na Odhiambo wa fundi viatu na wenzenu wengine mmeanza kuchimba lile jaa la nyuma ya ukumbi, mmetoa chupa na vitambaa na mabati yenye kutu, mnataka kupanda mboga. Nikakwambia sikukupeleka shule ukachimbe jaa.

"Lakini mama, wewe unauza nini?"

"Mboga."

"Na zinatoka wapi?"

Nikakwambia usinijibu hivyo. Lilikuwa swali la haki na nililijua kuwa ni la haki, ndiyo maana nilikasirika. Miaka yote niliyokaa Jericho nilikuwa nauza jasho la mwanamke mwingine aliye kwenye mteremko mwingine, na nikijisifu kwamba mimi nimetoka huko. Lori lilipokosa kuja, nilikuwa sijui hata kuotesha dania kwenye mkebe. Nasema uongo, nilijua. Sikutaka kujua, hilo ndilo neno la kweli.

Kwa hiyo sikuja kuiona bustani yenu. Majirani walikuwa wananipa habari. Mama Syombua, rafiki yangu tunayekaa naye gunia kwa gunia, aliniambia amewapa mbegu za mbaazi za kwao Kitui. Nikanuna siku nzima kana kwamba amekupa sumu. Siku niliyopita pale kwa mara ya kwanza, nikajifanya nakwenda kuchukua maji, nikakuta sukuma wiki zimeachwa zimerefuka, juu zimetoa maua ya njano. Nikakuita kando.

"Mmezembea. Mboga ikitoa maua imezeeka. Nani atanunua hii?"

"Hiyo si ya kuuza, mama. Hiyo ni ya nyuki."

Nyuki. Nilirudi sokoni nikamwambia Mama Syombua kwamba binti yangu analima mboga za kulisha nyuki, tukacheka mpaka akafuta machozi. Yeye aliacha kucheka kabla yangu. Akasema, "Lakini wamekuja, wajua? Hapa na moshi yote hii." Na ilikuwa kweli, nilikuwa nimewaona kwa macho yangu kwenye alizeti zenu za ukingoni, wakitambaa wamejaa unga miguuni. Sijui walitoka wapi. Katikati ya karakana na mabati na moshi wa makaa, mtu fulani aliwapelekea habari.

Sasa nifike kwenye malenge, maana najua unacheka ukisoma hapa. Cheka tu.

Nilikuwa nimeanza kulainika, ndiyo. Wewe ulidhani ni Mama Syombua aliyenisukuma. Ukweli ni kwamba nilianza kukuonea wivu. Nilikuwa nasikia kicheko chako kutoka nyuma ya ukumbi, nikajiuliza kuna nini kwenye udongo cha kuchekesha, mbona mimi hakikunichekesha hata siku moja. Basi asubuhi moja mkiwa shuleni nikaenda kusaidia. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami nikainama. Mgongo ulinikumbusha kila mwaka niliokuwa sijainama. Nikaona malenge yenu yametambaa vizuri, lakini yamejaa maua ya bure, yale ya shingo ndefu ambayo nyuma yake hakuna kitu. Machache tu ndiyo yaliyokuwa na kile kijitunda cha kijani nyuma. Mama yangu alikuwa akiyatoa yale ya bure kila wakati tukichuma majani ya kupondea viazi na mahindi ya irio. Alisema yanakula nguvu za mmea. Nikayatoa yote. Nilifanya kazi safi, sikuacha hata moja, na asubuhi iliyofuata nikarudi kutoa yaliyochanua usiku. Nikapika maua hayo na majani yake, na wewe ukala ukasifu.

Malenge madogo yakaanza kugeuka manjano. Yakaanguka moja moja, laini kama mayai yaliyooza. Ulikuwa umepiga magoti pale, Odhiambo amesimama, mnatafuta mdudu. Nikaja nimejaa huruma, nikasema haiwezekani, nimeyatunza mwenyewe, nimetoa hata maua ya bure.

Mlitazamana nyinyi wawili. Sitasahau.

"Mathe," Odhiambo akasema polepole, kama mtu anayemwambia mgonjwa, "hizo maua umetoa ndio zilikuwa za kazi."

"Za kazi gani? Hazina kitu nyuma."

"Hizo ndio wanaume, mathe."

Ukanieleza wewe, umeshika kijitunda kilichooza mkononi. Ua dume lina ule unga wa njano, nyuki anauchukua miguuni anaupeleka kwa ua jike, na bila hivyo tunda halikai. Nikabisha. Nikasema mama yangu alifanya hivyo maisha yake yote na malenge yake yalikuwa hayabebeki na mtu mmoja. Odhiambo akakuna kichwa.

"Kule ocha, kijijini, maua ya jirani iko. Hapa jirani ni ukuta."

Mliniita Bi Maua mwezi mzima, na mtaa wote ukajua, hata mchungaji akaniuliza habari za malenge mlangoni mwa kanisa. Hilo halikuniuma. Kilichoniuma ni kile alichosema yule kijana bila kujua alichosema. Kwa sababu jirani yetu kule Murang'a alikuwepo, aliitwa Wangari, na mama yangu alikuwa hasemi naye. Waligombana juu ya mpaka kabla sijazaliwa. Tulikatazwa kuomba moto kwake, tulikatazwa kumsalimia, na alipofiwa na mtoto mama yangu hakuvuka mpaka. Malenge ya Wangari yalikuwa upande wa pili wa ua wa miiba, na alikuwa mvivu wa kuchuma, maua yake yalikuwa yanajaa kila mahali. Miaka yote hiyo mama yangu alikuwa anavuna kwa maua ya mwanamke asiyemsalimia. Amekufa hajui. Nilikuwa nimesimama nyuma ya ukumbi na matunda yaliyooza miguuni, nikawaza hayo, nikashindwa kuwaambia.

Msimu uliofuata mlinifundisha. Asubuhi mapema, kabla ya shule, Odhiambo alikuwa anachuma ua dume moja, anabandua vile vitambaa vyake vya njano, anapita nalo kwenye maua majike, mnaimba wimbo wa harusi kwa sauti ya chini ili msiamshe watu. Mlisema nyuki bado ni wachache, kwa hiyo wanahitaji msaada. Ulinipa ua mkononi ukasema, "Leo wewe ndiwe mshenga." Nilikuwa na haraka ya kwenda Jericho. Nikalichukua. Niliyafungisha ndoa malenge matatu asubuhi ile, na moja lilipokua likawa kubwa, nilikuwa nalipitia kila jioni kulipapasa. Wewe hukujua. Nilikuwa napitia upande wa kwa dobi, usinione.

Nimeinuka kutazama jiko. Sasa nimekaa tena. Nasikia watu wakicheka upande wa ukumbini na nadhani ni nyinyi.

Basi kibanda. Sitaki ukumbuke habari hii kana kwamba mama yako ni mtu wa tamaa. Nimekaa kwenye gunia lile tangu ulipokuwa mgongoni kwangu. Mvua ikija, tunakimbia na mboga tukijibana chini ya paa la mbele la duka la Mhindi wa vitambaa mpaka atufukuze. Matope yakipanda, mteja anaona nyanya yangu anafikiri nimeiokota. Magoti yangu unayajua, wewe ndiye unayeyasugua. Mwenyekiti wa kamati aliponiita akaniambia, "Mama Wairimu, tumekufikiria," akanionyesha kwa kidole mahali mlango utakapokuwa, nililia. Mlango wenye kufuli, Wairimu. Kwamba nitafunga jioni na kuondoka mikono mitupu, bila kubeba gunia kichwani. Sikuangalia kidole chake kilikuwa kimeelekea wapi. Kilikuwa kimeelekea kwenye mbaazi zenu.

Nikakwambia siku ile ile, na nilikuwa nimejitayarisha. Nilikuwa na maneno yote tayari: kwamba wewe unaondoka, kwamba Odhiambo naye atapata kazi na kuondoka, kwamba vijana huanza mambo na wakubwa hubaki wakifagia. Nilitaka ubishe. Uliendelea kuchambua mchele, halafu ukasema, "Nenda uchukue, mama. Sitakulaumu." Nikakasirika, nikakwambia una kiburi, kwamba umeshakuwa mtu wa chuo kabla hujakiona chuo. Ukatoka nje. Tangu siku hiyo tunasemezana habari za sanduku na tikiti tu.

Kama ungenilaumu ningejua la kufanya. Mimi najua kupigana na mtu anayenilaumu, nimefanya hivyo sokoni maisha yangu yote. Mtu aliyeniachia niamue mwenyewe sijawahi kumpata, na nimezunguka na hilo neno lako wiki nzima kama mwenye jiwe kwenye kiatu.

Leo mchana ulipokuwa unapasi nguo nilikwambia nakwenda kununua sabuni. Nilikwenda kwa mwenyekiti. Nilimkuta nje ya nyumba yake ananyolewa.

"Mama Wairimu, karibu. Umekuja kuona kibanda chako kimekatwa upande gani?"

"Nimekuja kutoa jina langu kwenye orodha."

Kinyozi akasimamisha wembe. Mwenyekiti hakugeuka.

"Toa. Lakini usifikiri umesimamisha kitu. Nyuma yako watu wamejaa. Ukitoka asubuhi, mchana kuna mwingine."

"Kwa hiyo vibanda ni lazima viwe pale?"

"Sasa unataka viwe wapi, kwa kichwa yangu? Hapo ni majani na nyuki. Mtoto wa hapo juu aliumwa majuzi, mdomo ukavimba hivi. Mama, wewe ni mtu wa biashara, acha mambo ya watoto. Na nikuambie kitu kimoja: ukikataa leo, kesho usirudi kuniomba. Nitoe?"

Nilifungua mdomo. Na kilichotoka, mwanangu, ni hiki: "Ngoja kwanza." Niliondoka pale nikitembea haraka kama mwizi. Kidole kimoja hakivunji chawa, ndivyo nilivyojiambia njiani. Ilikuwa methali nzuri na ilinifaa, na nilijua ninaitumia kujificha.

Nikaenda Jericho. Mama Syombua alikuwa amekaa kwenye gunia lake akimenya mbaazi. Habari zilikuwa zimenitangulia, usiniulize vipi.

"Nasikia unatoa jina."

"Nani amekuambia?"

"Kama unatoa, sema nipewe mimi."

Nilikaa chini. Nikamuuliza, na bustani je?

"Bustani itanikinga mvua?" Hakuinua macho. "Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, Mama Wairimu. Wako anaenda chuo, kesho kutwa atakujengea nyumba. Wangu bado wananing'ang'ania nguo. Mimi nikirudi nyumbani nimelowa mpaka kwa mfupa. Usiniletee habari ya nyuki."

Kila alilosema ni kweli, na kama chuoni watakufundisha kwamba anayekataa bustani ni mjinga, ukumbuke Mama Syombua. Nilimtazama mikono. Alikuwa anamenya mbaazi za kijani, nene, za kwenye mmea ambao mimi na yeye tunaujua umesimama wapi. Akaona ninatazama.

"Najua zimetoka huko. Usiniangalie hivyo."

"Sijasema kitu."

"Macho yako inasema."

Tukakaa. Akaja mteja, akaenda. Halafu yeye mwenyewe, akiwa bado amenuna, akasema, "Kwani hiyo veranda ya ukumbi, hiyo ya kuangalia barabara, inafanya kazi gani katikati ya wiki?"

"Mbwa hulala."

"Mabati iko. Saruji iko. Watu wanapita hapo mbele kuliko hata huko nyuma." Akatupa maganda. "Haina kufuli, sawa. Gunia tutabeba. Lakini hatutalowa, na mbaazi yangu haitang'olewa. Mbona hakuna mtu ameuliza hiyo?"

"Uliza wewe Jumapili."

"Mimi?" Akacheka kwa uchungu. "Mimi ni mpangaji wa mpangaji. Nikifungua mdomo wataniuliza Kaloleni ni kwetu tangu lini. Uliza wewe, mumeo ni mtu wa reli, jina liko kwa kitabu. Sikiza. Ukisimama wa kwanza, mimi nitasimama wa pili. Na nikisimama, Mama Atieno hapo kando atasimama, unajua vile yeye hufuata. Lakini wa kwanza, sisimami."

Ndivyo mambo yalivyo. Nikinyamaza Jumapili nitapata kibanda, mlango na kufuli. Nikisimama, kibanda kimekwenda, mwenyekiti ameshaniambia, na huenda veranda tusipewe na bustani ing'olewe vilevile. Nitakuwa nimebaki na gunia langu na adui mwenye cheo. Nimepiga hesabu hiyo kutoka Jericho mpaka hapa na kila nikiipiga inatoa jibu lile lile, kwamba ninyamaze.

Lakini moyo hautulii. Nimejaribu kuukalisha chini nao unainuka. Nimefua leso ambazo hazikuwa chafu. Wewe ulikuwa unaniangalia kwa pembe ya jicho ukidhani ninahangaika kwa sababu unaondoka, nami nikakuacha udhani hivyo. Kuondoka kwako kunaniuma, usifikiri hakuniumi, lakini ni uchungu ninaouelewa. Huu mwingine siujui. Mama yangu alinifundisha kulinda mpaka wetu na kufyeka ya bure, na nimefanya hivyo kwa kila kitu. Nilidhani gunia langu ni langu, mteja wangu ni wangu, na shibe yangu inatoka mikononi mwangu tu. Nimekuwa hodari wa kupiga domo sokoni, na kwenye mikutano naangalia vidole vya miguu nikingoja mwanamke mwingine aseme ninachowaza. Akisema, naitikia kwa kichwa. Asiposema, naenda nyumbani nikamwambie baba yako. Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya katika mtaa huu miaka yote: kuitikia kwa kichwa.

Wewe ulipoanza kuchimba lile jaa ulikuwa na wenzako wangapi siku ya kwanza? Odhiambo aliniambia. Alisema ulikuwa peke yako na karai lililotoboka, na yeye alikuja kukucheka. Hukuniambia. Nadhani ulijua ningekuambia urudi nyumbani.

Sitakushauri uwe jasiri, kwa sababu wewe ni jasiri, na mimi si mtu wa kumshauri mtu jambo hilo. Ninachoweza kukwambia ni kwamba naogopa. Nimesimama hapa chumbani dakika hizi hizi, mkono mmoja kwenye meza, nikajaribu. Nikasema kwa sauti, "Bwana mwenyekiti." Sufuria zikanitazama. Nikasema, "Bwana mwenyekiti, mimi ni Mama Wairimu." Nikakwama hapo. Nikajaribu tena nikakwama hapo hapo, mara kadhaa, mpaka nikakasirika.

Nimekaa nikafikiri ni kwa nini. Tangu uzaliwe mtaa huu haujaniita kwa jina lingine. Mwenyekiti hunijua hivyo, Mama Syombua, mchungaji, hata baba yako akiwa na wageni. Nalipenda jina hilo kuliko nguo yoyote niliyowahi kuvaa. Lakini kesho basi litakupeleka, na Jumapili nikisimama nikajiita kwa jina lako, watasema ni yule binti wa bustani anayemtuma mama yake, ameondoka na bado anasumbua watu. Watacheka, mimi nitakaa. Na tena haitakuwa kweli. Wewe uliniambia nichukue kibanda.

Kwa hiyo nimeandika hapa nitakachosema, kwa wino, na kesho utaondoka nacho, nisiweze kugeuka. Nitasimama wa kwanza. Nitasema kibanda sikitaki, tunaomba veranda, na bustani ibaki. Ni maneno machache, hata mimi nitayakumbuka. Kama watakataa, nitakuandikia wamekataa, na usinionee huruma. Kama Mama Syombua atakaa kimya, nitakuandikia hilo pia, na usimchukie.

Nasikia hatua zako nje na chai imepoa. Nitakunja karatasi hii niiweke chini ya nguo zako, uikute ukiwa umeshafika, maana ukiisoma mbele yangu nitaichukua. Unijibu upesi. Barua ipitie kanisani kama barua zetu zote, lakini juu yake usiandike "Mama Wairimu". Andika jina ambalo katibu ataliandika Jumapili nikiulizwa ni nani anayesema.

Ni mimi, mama yako,

Nyambura